Kuisoma Kariakoo kwa miguu: mitaa, nyumba na watu waliokaa humo (uzi maalumu)

Ramani_Kongwe:

Wakuu, salaam. Nyuzi za Kariakoo humu huishia kwenye bei za vitenge na foleni ya Msimbazi. Huu ni wa historia ya mtaa wenyewe: nani alikaa wapi, jengo gani lilisimama wapi, na mtu anayetaka kutembea na kuviona aanzie upande gani. Wenye kujua waongeze nyama, wenye kusahihisha wasahihishe. Siasa za vyama vya leo zibaki nje.

Naanza na ardhi yenyewe. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hapa palikuwa shamba la Mjerumani aliyeitwa Schoeller, mmoja wa wenye ardhi kubwa Dar es Salaam. Serikali ya Kijerumani ililinunua ili kuwahamishia Waafrika waliokuwa wakikaa karibu na bandari, na ikaanza kujenga soko. Vita vya 1914 vikakatiza mpango. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliwaweka hapa wapagazi wa jeshi lao, kile kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na jina likabaki mdomoni mwa watu mpaka leo. Wapagazi hao walibeba chakula na risasi hadi Rufiji na Lindi kwa sababu ndorobo waliwaua wanyama wa mizigo. Walikufa maelfu kwa maelfu, na maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Sanamu ya Askari pale makutano ya Samora, iliyowekwa 1927, inawataja wapagazi nao kwenye maandishi yake, ila wapita njia wengi humtazama askari na bunduki yake tu.

Baada ya vita Waingereza waliugawa mji kwa kanda tatu. Ya kwanza Uzunguni, ya pili Uhindini na biashara, ya tatu ya Waafrika, yaani Kariakoo na baadaye Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi ili uitenge kanda ya pili na ya tatu, na kisingizio kilikuwa afya. Kwa hiyo ukisimama Mnazi Mmoja, kumbuka kwamba uko juu ya mpaka wa ubaguzi, hata kama leo ni bustani na mnara wa Mwenge wa Uhuru.

Anzieni hapo. Uje Mtaa wa Lumumba, uingie ndani kwa Mtaa wa Uhuru. Wanaoanzia sokoni huishia kununua vitu.

BintiGerezani:

Shukrani mkuu. Niongeze kwenye majina ya mitaa, maana hapo ndipo watu wengi hupotea.

Nyaraka zote za kabla ya uhuru zinatumia majina ambayo leo huyakuti kwenye vibao. Ukisoma "New Street", hiyo ni Lumumba. "Kichwele Street" ni Uhuru. "Kipata" ni Kleist Sykes. Mtu anachukua anwani ya 1950 kwenye gazeti la zamani, anaiweka kwenye ramani ya simu, inamleta mkoa mwingine kabisa. Fanya kinyume: tafuta kwanza ramani ya mji ya miaka ya 1950, uilinganishe na ya leo kwa kona ambazo hazikusogea. Gridi ya Kariakoo ni ile ile, mitaa imenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Kona ya Msimbazi na Uhuru ipo palepale. Ukishazipata kona tatu, mengine yanahesabika kwa vidole.

Halafu soma majina ya mitaa kwa makundi. Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa: yote ni mahali palipopiganwa mwaka 1917 huko Kilwa na Lindi, kati ya Julai na Oktoba. Yaani mtaa uliozaliwa kutokana na wapagazi umechorwa ramani ya vita walivyobebea mizigo. Kundi la pili ni Likoma, Masasi, Magila, Muheza. Hivyo vyote vilikuwa vituo vya UMCA, misheni ya Kianglikana, na mitaa hiyo iko upande ule wenyeji walioita Mission Kota. Aggrey ni Dk. James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), msomi aliyetembelea Afrika Mashariki 1924 na tume ya elimu.

kiroboto_mchanga:

Dada hapo kwa Narung'ombe umenifungua macho. Swali: nyumba za zamani zimebaki? Maana naona maghorofa tu.

Fundi_wa_Uani:

Zimebaki chache, na kila mwaka zinapungua. Nakupa alama za kuzitambua, kwa sababu nyingi zimefunikwa na fremu za maduka mbele.

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita. Katikati ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia. Mbele baraza. Nyuma uwanja wenye jiko, stoo, bafu na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha kimoja kimoja, kila chumba na familia yake. Kuta zilikuwa za boriti na fito zilizokandikwa udongo, zikapigwa lipu ya chokaa au saruji pesa ilipopatikana. Paa lilianza makuti, likaja la madebe yaliyokunjuliwa, kisha mabati.

Sasa alama zenyewe. Ya kwanza ni paa la mabati lenye pande nne, limeshuka chini kuliko majengo ya jirani. Ya pili ni usawa wa sakafu: barabara imeinuliwa kila inapotengenezwa, kwa hiyo nyumba ya zamani huonekana imezama na baraza liko sawa na lami au chini yake, na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Ya tatu, chungulia katikati ya fremu mbili za maduka. Ukiona korido nyembamba yenye giza na mwanga wa uwanja mwishoni, hiyo ndiyo. Vyumba viwili vya mbele vimetobolewa ukuta vikawa maduka, ila ukumbi hauwezi kuzibwa kwa sababu wapangaji wa nyuma hawana njia nyingine.

Hata maghorofa yana siri hiyo. Mengi ni membamba na marefu kwa kuwa yamesimama kwenye kiwanja kilichopimwa kwa nyumba moja ya vyumba sita. Ukiona ghorofa pana, ujue viwanja viwili au zaidi vimeunganishwa.

Hapo pia ndipo hatari ilipo. Kiwanja ni kidogo, bei ya fremu ni kubwa, mwenye jengo anatafuta nafasi kwa kuchimba chini. Ardhi ya pale ni mchanga. Ukichimba chini ya usawa wa msingi wa nguzo zilizokwishabeba ghorofa, mchanga ulioushika msingi ule pembeni unakimbilia shimoni na nguzo inapoteza pa kuegemea. Jengo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 lilikuwa na kazi ya kuchimba chini ikiendelea huku maduka ya juu yako wazi, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha.

Ramani_Kongwe:

@Fundi_wa_Uani asante sana, na hilo la vyumba sita ndilo ufunguo wa habari ya watu. Wasomaji hujiuliza kwa nini siasa za kudai uhuru zilipikwa hapa na si Ilala au Temeke. Chumba cha kupanga kilimpokea mgeni kutoka Tabora, Songea au Tanga siku ileile alipofika mjini, baraza likampa habari, soko likampa kibarua. Mtu wa kila kabila aliishi ukuta mmoja na mwenzake.

Sasa twende Lumumba. African Association iliundwa 1929, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu. Ofisi yao ilijengwa New Street kwa nguvu za wanachama. Chama kikaja kuwa TAA (Tanganyika African Association), na tarehe 7 Julai 1954, ndiyo Sabasaba, wajumbe 17 wakakigeuza TANU kwenye jengo hilohilo. Wageni hupiga picha ofisi ndogo ya CCM Lumumba wakidhani ndilo jengo lenyewe. Hapana. Kiwanja ndicho, jengo si lile. La zamani lilikuwa la chini, lilivunjwa.

Hatua chache kuelekea Mnazi Mmoja kuna ukumbi wa Arnautoglu, uliopewa jina la mfanyabiashara Mgiriki George Arnautoglu. Ni hapo ambapo Aprili 1953 Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, alimshinda Abdulwahid Sykes katika kura za urais wa TAA. Kwangu mimi ukumbi huu una uzito kuliko kiwanja cha Lumumba, kwa sababu aliyeshindwa siku ile ndiye aliyebaki kumpokea mshindi nyumbani kwake.

Mzee_wa_Baraza:

Hapo kwa kina Sykes nisimame kidogo, kwa kuwa watu huwachanganya.

Kleist ndiye baba. Alizaliwa Pangani mwaka 1894, baba yake Sykes Mbuwane akiwa Mzulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji kama askari. Kleist mwenyewe alipigana Vita vya Kwanza upande wa Wajerumani, chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck. Ona kejeli yake: mtaa uliopata jina kwa wapagazi wa Mwingereza, mmoja wa waasisi wake alikuwa upande wa pili wa bunduki. Baadaye alifanya kazi Reli, akawa mfanyabiashara, na alikuwa mbele pia kwenye Al Jamiatul Islamiyya, jumuiya iliyojenga shule ya watoto wa Kiislamu. Alifariki 1949.

Watoto ni Abdulwahid, Ally na Abbas. Abdulwahid (1924–1968) na Ally walikwenda Burma na KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) Vita vya Pili. Aliporudi, Abdulwahid alikuwa katibu wa chama cha makuli wa bandari baada ya mgomo wa 1947, kisha akawa Market Master, yaani msimamizi, wa soko la Kariakoo. Nyumba yake ilikuwa Mtaa wa Stanley, jina jingine la kutafutwa kwenye ramani za zamani. Kadi ya TANU namba 1 ni ya Nyerere, namba 2 ya Ally, namba 3 ya Abdulwahid. Abbas alikuja kuwa balozi baada ya uhuru.

Cheo cha Market Master msikipite haraka. Ndiye aliyegawa meza na kukusanya ushuru, kwa hiyo aliwajua wauza samaki, wakulima wa Uzaramo, madalali, wapika kahawa. Chama kilichohitaji kusambaza kadi bila kelele kilikuwa na mtu wake katikati ya soko. Mshume Kiyate, mzee wa TANU na mfanyabiashara wa samaki, alikuwa humohumo sokoni.

Mission Kota kulikuwa na John Rupia, mfanyabiashara mwenye mali, makamu wa rais wa TANU, mmoja wa waliotoa fedha chama kilipomtuma Nyerere Umoja wa Mataifa 1955. Na kabla ya wote hao kulikuwa na Erika Fiah, mzaliwa wa Uganda, muuza duka aliyeanzisha gazeti la *Kwetu* mwaka 1937. Huyu hatajwi inavyostahili. Aliwasema wakubwa wa African Association kwamba ni chama cha makarani wanaojipendekeza serikalini, na wao wakamwona mkorofi.

chapati_maji:

Wazee mmewasahau wanawake kabisa, ndiyo kawaida yenu.

Bibi Titi Mohamed (1926–2000), ambaye barabara ya jina lake inapita ubavuni mwa Mnazi Mmoja, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba kabla ya kuingia TANU. Namna alivyoandikisha wanawake ni ya kiufundi, si ya bahati. Hakwenda nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama, maana kila kikundi kilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina, sare na siku ya kukutana. Ukimpata kiongozi umepata kundi zima. Ndani ya miezi mitatu ya 1955 waliandikishwa wanawake kama 5,000, wakati wanaume wengi walikuwa watumishi wa serikali waliokatazwa kujiunga na chama.

Kwa hiyo ukitafuta historia ya Kariakoo ukaishia kwenye kumbukumbu za mikutano, utapata makarani tu. Tafuta vikundi vya ngoma na klabu za taarab. Egyptian na Al-Watan zilikuwa klabu zenye wanachama, ada na uongozi, si bendi za kukodi tu.

kiroboto_mchanga:

Kwa hiyo nyumba ya Nyerere ni ipi hapo Kariakoo? Na soko lililoungua 2021 ni lile la Mjerumani?

Ramani_Kongwe:

Yote mawili hapana. Nyumba ya Nyerere yenye makumbusho iko Magomeni, Mtaa wa Ifunda. Kariakoo alifikia kwa wenyeji wake alipokuwa akitoka Pugu.

Soko namwachia @Fundi_wa_Uani.

Fundi_wa_Uani:

La Mjerumani lilivunjwa kupisha la sasa. Hili lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo aliyesoma Technion ya Haifa, Israel, na mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuwa na ofisi yake ya usanifu. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mkandarasi alikuwa MECCO, kampuni ya umma. Shirika la Masoko ya Kariakoo liliundwa kwa sheria ya 1974 na jengo likafunguliwa 1975.

Liangalieni paa kabla ya kitu kingine. Ni miavuli ya zege, kila mmoja umekaa juu ya nguzo yake, wazo likiwa gulio chini ya miti. Mwavuli umepinda kuelekea katikati, kwa hiyo mvua haimwagiki pembeni juu ya wateja bali inashuka katikati kwenye nguzo na kukusanywa chini. Kati ya mwavuli na mwavuli, na kati ya paa na kuta, hewa inapita. Joto la mazao na la watu linapanda na kutoka bila feni. Kwa Dar es Salaam ya Februari hiyo ni akili kubwa. Matunzo ndiyo shida: mfereji wa aina hii ukizibwa na taka huoni kitu mpaka maji yaanze kuvujia ndani.

Kazi iligawanywa kwa ghorofa. Shimoni jumla na stoo, gari linashusha huko. Usawa wa chini mboga, matunda na viungo. Juu mbegu, dawa za mimea na zana za kilimo. Ndiyo maana mkulima wa Ruvu akiulizwa mbegu anataja Kariakoo hadi leo. Kilichoharibu mpangilio ni kwamba wachuuzi walihamia nje kumuwahi mteja kabla hajaingia, na wa ndani wakatoka kuwafuata. Mitaa ya Mkunguni na Tandamti ikawa soko lenyewe.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto ukalichoma ndani. Serikali ikatenga shilingi bilioni 28 na ushei kulikarabati na kujenga upya soko dogo lililokuwa pembeni kuwa la ghorofa. Umbo la miavuli ya Amuli lilibakizwa, uamuzi mzuri kuliko wa wale waliotaka kubomoa lote.

Jangwani_Juu:

Uzi wa Kariakoo bila mpira ni mchuzi bila chumvi. Yanga 1935, Simba 1936 baada ya kundi kujitenga. Simba ilianza ikiitwa Queens, ikapita Eagles, ikawa Sunderland, jina la Simba likaja 1971. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, ya Yanga kona ya Twiga na Jangwani. Kutoka moja hadi lingine unatembea. Majengo yote mawili yana mkono wa Mzee Abeid Karume, ambaye alisaidia klabu zote mbili, jambo ambalo washabiki wa pande zote hujaribu kulisahau kwa nusu.

Jengo la Jangwani liko ukingoni mwa bonde la Mto Msimbazi. Masika likifurika, maji yanafika. Mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) nao waliweka karakana yao bondeni humo, matokeo mnayajua.

Wakala_Hati:

Kwa anayetaka kufuatilia nyumba mahususi ya mzee wake, utaratibu ni huu. Usianze na namba ya nyumba, namba zilibadilika. Tafuta namba ya kiwanja na kitalu. Zipo kwenye risiti za kodi ya ardhi, hati, au mashauri ya mirathi. Ukiwa nazo unaomba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ya mkoa, unalipia, unapewa jina la mmiliki aliyesajiliwa na kama kuna zuio au rehani. Kwa miaka ya ukoloni nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, uombe majalada ya wilaya na manispaa, na ukumbi wa East Africana maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani kwa magazeti. *Mambo Leo* lilianza 1923 na lina habari nyingi za mji.

Panapokwama ni pawili. Kwanza, mirathi isiyofunguliwa: jina kwenye daftari ni la babu aliyefariki zamani na warithi ni thelathini. Hapo upekuzi unakuonyesha babu tu. Pili, sheria ya 1971 ya kutaifisha majumba. Nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi 100,000 zilichukuliwa na Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake ziliingizwa NHC (Shirika la Nyumba la Taifa) 1990. Ziliguswa zaidi za Uhindini, ila na Kariakoo zipo. Ukikuta mnyororo wa umiliki umekatika ghafla mwaka ule, uliza NHC, usidhani mtu kadhulumu.

kiroboto_mchanga:

Nimewapata wakuu. Sasa siku gani nzuri kutembea, na picha je?

BintiGerezani:

Jumapili, saa moja hadi saa tatu na nusu asubuhi. Fremu nyingi zimefungwa, kwa hiyo unaona kuta, milango na vibao vilivyofunikwa na bidhaa siku nyingine. Mtaa wa Congo siku ya kazi huoni hata ukuta. Shuka Mwendokasi kituo cha Gerezani kama unataka kuanza na upande wa Gerezani, au Mnazi Mmoja kwa daladala kama unafuata njia ya @Ramani_Kongwe. Viatu vya kufunga, mitaro iko wazi sehemu nyingi.

Picha: barabara na majengo ya kawaida hakuna shida. Kituo cha Polisi Msimbazi usielekezee kamera. Ndani ya uwanja wa nyumba usipige bila kumuuliza mtu, maana kule ni jikoni na bafuni kwa watu. Unabisha hodi, unasalimia, unaeleza unachotafuta. Mara nyingi atakayekujibu ni mpangaji wa juzi, kwa hiyo mwombe akuelekeze kwa mwenye nyumba au kwa mjumbe, na jina la mtaa ulitaje la sasa na la zamani yote mawili.